Je, kebo ya sauti huhitaji kuzoeshwa? Namna ya kuifunga, kuipima na kuijaribu kwa masikio yako

Kebo mpya, iwe ya spika au ya kuunganishia vifaa, haihitaji saa 50, 100 wala 200 za muziki ili itoe sauti yake nzuri. Ikifungwa vizuri, hutoa kila ilicho nacho tangu dakika ya kwanza. Siku za mwanzo yapo yanayobadilika, lakini yako kandokando ya kebo: skrubu inayolegea, uchafu uliokwanguliwa kwenye plagi, spika iliyosogezwa kidogo, na masikio yanayozoea. Haya yanasikika kweli. Ndiyo maana wengi wanaosema kebo yao "imelainika" hawadanganyi. Wamesikia badiliko, ila wameipa kebo sifa isiyo yake.

Kabla hujaendelea, angalia tarehe kwenye risiti. Ukisikiliza saa 3 kwa siku, saa 200 ni siku 67. Muda wa kurudisha bidhaa mara nyingi ni siku 14 au 30. Anayekwambia usubiri saa 200 ndipo uamue anakuambia usubiri mpaka haki yako ya kurudisha ipite. Kazi yote iliyoelezwa hapa, kasoro ile ya kulinganisha kebo baada ya saa nyingi, inamalizika ndani ya wiki moja.

Kinachopita ndani ya waya

Kwa usikilizaji wa kawaida chumbani, spika hupokea wati 1 hivi, mara nyingi pungufu. Wati 1 kwenye spika ya omu 8 ni mkondo wa ampea 0.35. Chukua kebo ya shaba yenye milimita za mraba 2.5 na urefu wa mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 10 za shaba, na ukinzani wake wote ni takriban omu 0.07. Joto linalozalishwa humo ni miliwati 9 tu, tena zimetawanyika katika mita zote 10. Kulainisha shaba kiwandani hutaka joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi. Miliwati 9 hazifanyi kazi hiyo hata zikipewa mwaka mzima. Kwenye kebo za kuunganishia vifaa nguvu ni ndogo zaidi: chanzo cha volti 2 kikiingia kwenye amplifaya yenye ukinzani wa kilo-omu 10 hupitisha miliampea 0.2.

Elektroni nazo hazisafiri kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika. Mawimbi ya sauti ni umeme wa kwenda na kurudi. Katika mfano wetu, kwa toni ya Hz 1,000, elektroni zinayumba kama nanomita 2 kila upande, basi. Hakuna njia inayochimbwa ndani ya chuma, na hakuna upande wa kebo unaozoea kuelekea mbele. Mishale inayochapwa kwenye baadhi ya kebo za RCA (zile za kuunganishia vifaa, zenye plagi ya pini katikati na pete nje) ina maana pale tu ambapo wavu wa kinga umeunganishwa upande mmoja. Upande huo hufungwa kwenye chanzo, nao huwa hivyo siku ya kwanza na siku ya elfu moja.

Hoja yenye angalau uzito fulani ni ile ya plastiki inayofunika shaba. Ni kweli kwamba PVC, na polithini kwa kiwango kidogo zaidi, hunyonya chaji ya umeme na kuiachia polepole. Mafundi wa vipimo huijali tabia hiyo wanapochagua kapasita, yaani vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji. Lakini muziki hugeuza chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo hakuna chaji inayojikusanya ikabaki. Tazama pia ukubwa wa jambo lenyewe. Kebo ya kawaida ina kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ya pikofaradi 100 hivi kwa mita. Mita 3 zikifungwa kwenye chanzo chenye ukinzani wa omu 600, sauti zinaanza kukatwa karibu na kHz 880, wakati sikio lenye afya linaishia kHz 20. Kapasitansi hiyo ingelazimika kupanda zaidi ya mara 20 ndipo kHz 20 ipungue desibeli 1. Badiliko la asilimia moja au mbili halifiki popote.

Kuna sehemu mbili ambapo kapasitansi ya kebo inasikika waziwazi: gita la umeme, na kicheza santuri chenye kichwa cha sumaku inayosogea. Vyote vina koili yenye nyuzi nyingi sana, na koili hiyo hupatana na kapasitansi ya kebo ikaumba mlima kwenye sauti za juu. Ukibadilisha kebo ya gita ya mita 3 kwa ya mita 6, sauti inafifia makali. Vichwa vingi vya santuri vya aina hiyo hutaka jumla ya pikofaradi 100 hadi 300, ikihesabiwa kebo pamoja na tundu la kuingizia sauti la amplifaya. Lakini kinachoamua hapo ni urefu na aina ya kebo. Saa za kucheza hazimo katika hesabu.

Kuifunga ipasavyo, maana hapa ndipo sauti inapopotea

Anza na unene. Kanuni inayotosha nyumbani ni kwamba ukinzani wa kebo, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Mita moja ya waya mmoja wa shaba ina takriban omu 0.023 ikiwa ni milimita za mraba 0.75, omu 0.0115 ikiwa ni 1.5, na omu 0.007 ikiwa ni 2.5. Kwa spika ya omu 4, ambayo kikomo chake ni omu 0.2, hiyo ina maana usipite mita 4 kwa waya wa 0.75, mita 8 na nusu kwa wa 1.5, na mita 14 kwa wa 2.5. Kwa spika ya omu 8, zidisha urefu mara mbili.

Kisha hakikisha ni shaba kweli. Kebo nyingi za bei ndogo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Ukiona wekundu chini ya weupe, ni shaba iliyopakwa bati, nayo haina tatizo.

Zima amplifaya na uichomoe ukutani. Menya ganda la plastiki milimita 10 hadi 12 bila kukata nyuzi za ndani. Nyuzi zikikatika tano au sita, kata ncha nzima uanze upya. Zisokote kufuata upande zilikosokotwa kiwandani, kisha ziingize kwenye tundu mpaka plastiki iguse chuma, pasibaki uzi unaochomoza. Uzi mmoja ukigusa tundu la jirani unaweza kuunguza pato la amplifaya, na amplifaya zisizo na ulinzi hazikupi nafasi ya pili.

Usipake risasi ya kulehemu kwenye ncha itakayobanwa na skrubu. Fundi anaona ameimarisha, kumbe risasi ni laini: ikibanwa hutambaa taratibu, na baada ya wiki kadhaa skrubu inabana hewa. Tumia kikombe cha shaba cha kubanwa kwa koleo lake, au plagi ya ndizi, au nyuzi tupu zilizosokotwa vizuri. Hata nyuzi tupu hujipanga upya zikishabanwa. Kwa hiyo rudi na bisibisi baada ya wiki moja, ukaze tena robo ya mzunguko. Kama kuna kitu chochote ndani ya mfumo huu wa waya kinachohitaji muda, ni hiki, na dawa yake ni bisibisi.

Chanya na hasi zisichanganywe. Spika moja ikigeuzwa, besi hupungua na sauti ya mwimbaji haikai katikati; mtu anaweza kuishi hivyo mwezi mzima akisubiri kebo "ifunguke". Kama alama kwenye kebo hazionekani, tumia betri ya volti 1.5: kebo ikiwa imechomolewa kwenye amplifaya, gusisha ncha zake kwenye betri kwa nusu sekunde. Koni ya besi ikiruka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya.

Kwa plagi za RCA, ingiza na kuchomoa mara tano au sita huku ukizungusha. Msuguano huo hukwangua tabaka jembamba la uchafu kwenye chuma. Tundu lililokaa miaka bila kuguswa lisafishe kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili, uache likauke. Pete ya nje ya plagi ikiwa imelegea, ibane kidogo kwa plaizi. Mara nyingi kebo mpya inayosikika safi kuliko ya zamani imefanya kitu kimoja tu: imekwangua tundu. Chomeka tena ile ya zamani usikie kama nayo haijapona.

Vitu vinavyozoea kweli

Spika ni kifaa chenye viungo. Kitambaa kilichokunjwa nyuma ya koni, pamoja na ukingo wake wa mpira, hulainika kidogo kikianza kutikiswa, na mlio wa asili wa koni hushuka. Sehemu kubwa ya badiliko hilo hutokea katika dakika na saa za mwanzo, na sehemu yake hurudi koni ikipumzika. Mito ya hedifoni hufuata umbo la kichwa, besi ikaongezeka kwa sababu mwanya umezibika. Amplifaya ya taa (valvu) hutaka dakika 20 hadi 30 za kupata joto. Ukinunua spika na kebo siku moja, usishangae kebo ikapata sifa ya spika.

Halafu kuna mahali ulipokaa. Wimbi la kHz 10 lina urefu wa sentimita 3.4, na la kHz 5 karibu sentimita 7. Ukisogeza kichwa upana wa kiganja, sauti za juu zinazofika sikioni zinabadilika kwa desibeli kadhaa, zaidi ya chochote ambacho kebo salama ingeweza kufanya. Anayebadilisha kebo hulazimika kupita nyuma ya spika, huisukuma bila kujua, kisha hurudi kukaa mahali tofauti kidogo. Bandika utepe sakafuni kuzunguka spika, na mwingine kwenye kiti, kabla hujagusa chochote.

Kupima ukinzani kabla na baada

Multimita ya kawaida haiwezi kupima omu 0.07 moja kwa moja, kwa kuwa nyaya zake zenyewe zina omu 0.1 hadi 0.3. Njia ni kupitisha mkondo mkubwa na kupima volti zinazopotea. Unahitaji chanzo cha volti 12 chenye uwezo wa ampea 3, fyuzi ya ampea 3, na balbu ya gari ya volti 12, wati 21.

Chomoa kebo kwenye vifaa vyote. Unganisha nyaya zake mbili upande wa mbali kwa kuzilehemu. Kiungo legevu kitaharibu hesabu yote. Toka chanya ya chanzo, pitia fyuzi, balbu, waya wa kwanza wa kebo, rudi kwa waya wa pili hadi hasi. Balbu itawaka na kupitisha ampea 1.75 hivi. Pima mkondo huo kwa tundu la ampea 10 la multimita, kisha rudisha pini kwenye tundu la volti mara moja. Ukisahau pini kwenye tundu la ampea ukapima volti, unatengeneza shoti. Acha balbu iwake dakika moja itulie, halafu gusisha pini kwenye shaba yenyewe ya ncha mbili za karibu, usiguse vibanio. Ukisoma milivolti 122 kwa ampea 1.75, ukinzani ni omu 0.0697.

Andika na joto la chumba. Ukinzani wa shaba hupanda asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo chumba kikiwa na nyuzi 10 zaidi, kebo ile itasoma karibu asilimia 4 zaidi bila kucheza hata wimbo mmoja. Kipimo cha baada ya saa 100 kichukuliwe kwenye joto lisilotofautiana zaidi ya nyuzi 2, kiungo cha mbali kikiwa kilekile au kimelehemiwa upya kwa uangalifu. Namba zitakazotoka zitalingana ndani ya makosa ya mita yako.

Kutoa rekodi moja kutoka kwa nyingine

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa kebo za RCA na za jeki, kwa sababu kinatumia muziki wenyewe na hakiachi pa kujificha. Nunua kebo mbili za aina moja na urefu mmoja. Ya kwanza, A, itumie saa unazotaka. Ya pili, B, ibaki kwenye mfuko wake.

Unahitaji kadi ya sauti ya USB yenye kutoa na kuingiza, na Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti. Kutoa na kuingiza lazima kuwe kwenye kadi moja. Kadi mbili zina saa mbili za ndani, na rekodi zitaachana taratibu. Iwashe dakika 30 kabla. Weka biti 24 na kHz 96, zima viboreshaji vyote vya sauti vya kompyuta, rekebisha vifundo mara moja kisha vibandike utepe.

Tengeneza faili lenye mlio mfupi wa "tak", sekunde 10 za toni ya Hz 1,000, na dakika moja ya muziki. Licheze kupitia A na urekodi. Chomoa A, chomeka A tena, rekodi mara ya pili. Wengi hukiruka kipande hiki, na bila hicho matokeo hayana maana: tofauti ya A na A ndiyo inayokuonyesha kadi na plagi zako zinayumba kiasi gani. Mwisho rekodi B.

Panga rekodi mbili ili "tak" ziangukie sampuli ileile, ukikuza picha ya mawimbi mpaka nukta zionekane. Linganisha kiwango kwa kutumia toni. Chagua rekodi moja, tumia amri ya Invert inayogeuza chanya kuwa hasi, kisha changanya mbili hizo. Kinachobaki ndicho tofauti.

Usiogope ukikuta mabaki makubwa mara ya kwanza. Viwango vikipishana kwa desibeli 0.01 tu, mabaki hukaa desibeli 59 chini ya muziki. Vikipishana kwa 0.001, yanashuka hadi 79 chini. Mabaki yanayosikika kama muziki wenyewe kwa mbali ni kosa la kiwango. Yakiwa makali na membamba, ni kosa la kupanga sampuli. Yakiwa mngurumo wa Hz 50 au 60, plagi haijakaa au kebo imepita karibu na transfoma. Ukishayaondoa hayo, hubaki mvumo wa kadi. Linganisha: kama mabaki ya A na B yako sawa na ya A na A, kebo iliyocheza na isiyocheza zinapitisha kitu kilekile.

Jaribio la masikio

Anayetaka masikio yaamue ana haki, mradi macho yasipige kura. Mfumo wa kulinganisha A, B na X, ambapo X ni mojawapo ya hizo mbili usiyoambiwa ni ipi, ulielezwa mwaka 1950 na Munson na Gardner, watafiti wa maabara za Bell, na bado hakuna njia rahisi zaidi. Kwa rekodi ulizotengeneza hapo juu, programu ya foobar2000 ina nyongeza ya ABX inayobadilisha papo hapo na kukuhesabia alama.

Kwa kebo za spika, funga kebo zote mbili kwenye spika ileile, na upande wa amplifaya weka swichi ya nguzo mbili, njia mbili, yenye uwezo wa ampea 5 au zaidi. Kagua chanya na hasi mara mbili kabla ya kuwasha. Usijaribu kwa kuchomoa na kuchomeka: kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo ni ya sekunde chache, na kubadilisha kebo kwa mkono huchukua dakika nzima.

Sawazisha kiwango kwanza. Cheza toni ya Hz 100 mpaka multimita isome karibu volti 1 kwenye spika, kisha badili kebo. Tofauti isizidi volti 0.01, ambayo ni chini kidogo ya desibeli 0.1. Hz 100 inatumika kwa sababu multimita nyingi za bei nafuu hupotoka masafa yakizidi mamia machache. Sauti iliyozidi kidogo huonekana nzuri zaidi, wala msikilizaji hatambui kwamba ni ukubwa tu.

Msaidizi akae nyuma yako, asiseme neno. Sikiliza A na B wazi mpaka utosheke. Kisha msaidizi arushe sarafu kila raundi, aweke kebo iliyoangukiwa, aandike. Nawe uandike unachodhani. Fanyeni raundi 16, na idadi hiyo ikubaliwe kabla ya kuanza. Anayesimama pale anapokuwa mbele anaweza kushinda kwa bahati siku yoyote. Masikio yakichoka, malizieni kesho.

Kupata 12 au zaidi kati ya 16 kwa kubahatisha tu hutokea chini ya mara 4 kwa kila majaribio 100. Ukifika hapo, chukulia kwa uzito kwamba tofauti ipo, ila usikimbilie kusema ni saa za kucheza. Rudia kiwango kwa multimita, kaza skrubu, badilisha kebo nafasi kwenye swichi. Tofauti ikibaki kwenye upande wa swichi, kasoro ni swichi. Ikihama pamoja na kebo, kata plagi zake, menya upya, funga upya, na upime ukinzani. Kebo mbili za aina moja zinazotofautiana baada ya hapo zina kasoro ya kiwandani katika mojawapo: uzi uliokatika ndani, kiungo baridi cha risasi, au shaba pungufu. Hiyo irudishe dukani pamoja na namba ulizoandika, wakati risiti bado ina nguvu.